Uchambuzi wa kisa: malipo manne kwa mbwa wawili wasiokuwepo

Kisa hiki kimeandikwa kwa ruhusa ya mama aliyepatwa nacho. Jina lake, tarehe, namba za simu, jina la ukurasa uliomtapeli na jina la kampuni ya basi iliyotajwa humo vimeondolewa. Viwango vya pesa vimeachwa kama vilivyokuwa, kwa sababu sehemu kubwa ya somo imo humo.

Usuli

Mnunuzi ni mama wa makamo mwenye duka la vifaa vya ujenzi pembezoni mwa jiji la Mwanza. Nyumba na stoo viko kwenye kiwanja kimoja. Wezi walikuwa wameruka ukuta mara mbili, na mara ya pili waliondoka na nondo na nyaya za umeme huku mlinzi amelala. Akaamua kutafuta mbwa wa ulinzi: German Shepherd wawili, dume na jike, awalee tangu wadogo ili wamzoee yeye na vijana wake wa dukani.

Kununua mbwa kwa mbali si jambo la ajabu kwetu Kanda ya Ziwa. Wanaotaka mbegu nzuri huagiza Arusha, Moshi au Dar es Salaam, na mbwa hupandishwa basi au gari dogo hadi hapa. Wafugaji waaminifu wapo na wanauza hivyo. Nalitaja hili mapema kwa sababu wengi wakisikia kisa hiki swali lao la kwanza huwa: kwa nini alinunua kitu asichokiona? Kwa mahitaji yake na mahali anapoishi, kuagiza ilikuwa njia ya kawaida. Wala si mtu wa kudanganywa kirahisi. Zile meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" huzifuta bila kuzifikiria mara mbili, na dukani kwake mzigo hautoki kabla hajaona salio limeingia.

Mimi ni daktari wa mifugo. Niliingia kwenye kisa hiki siku ya mwisho, na mengi ya siku zilizotangulia nimeyapata kutoka kwake na kwenye simu yake, ambako meseji zote zilikuwa bado zipo.

Mambo yalivyokwenda

Jumatatu aliona tangazo Instagram. Watoto wa mbwa wa wiki nane, picha safi, shilingi 450,000 kila mmoja. Wafugaji wawili aliokuwa amewauliza kabla walimtajia bei inayokaribia mara mbili ya hiyo. Muuzaji alisema anahama shamba na anapunguza mbwa haraka.

Mazungumzo yalianza na "Shikamoo mama." Kisha muuzaji akauliza maswali yake mwenyewe: una uzio? Watalala wapi? Nyumbani kuna watoto wadogo? Umewahi kufuga mbwa mkubwa? Mama aliniambia kwamba hapo ndipo alipomwamini. Ni kweli kwamba mfugaji mzuri huuliza maswali ya namna hiyo kabla ya kumkabidhi mtu mbwa. Huyu alikuwa ameyajua na kuyatumia, na kila jibu la mama lilimwonyesha pia uwezo wake wa kifedha.

Mama akaomba apigiwe simu ya video awaone mbwa. Akajibiwa kwamba shambani, nje ya Usa River, mtandao ni dhaifu. Badala yake akatumiwa video iliyorekodiwa, sekunde chache za watoto wa mbwa wakicheza kwenye sakafu ya vigae. Akasema ana mpwa wake Arusha mjini, anaweza kupita. Jibu lilikuwa: "Mama yangu, bandani haturuhusu wageni kwa sababu ya parvo. Mtu anaweza kuileta kwenye viatu." Parvo ni ugonjwa hatari wa virusi unaoambukiza na kuua watoto wa mbwa. Pamoja na jibu hilo zilifuata picha za kadi ya chanjo na leseni ya biashara.

Jumatano alituma nusu ya bei ya mbwa wote wawili, shilingi 450,000, na nyingine alipe akishawapokea. Kabla ya kuweka namba ya siri aliona jina la mpokeaji ni la mwanamke, wakati aliyekuwa akichati naye ni mwanamume. Aliuliza. "Huyo ni mhasibu wetu."

Alhamisi asubuhi ilidaiwa 120,000 ya kizimba cha kusafiria. Mchana 85,000, kibali cha kusafirisha wanyama. Jioni akatumiwa picha ya risiti ya basi na picha ya mtoto wa mbwa ndani ya kizimba, na furaha ikamjaa. Kijana wake alianza kujenga banda usiku huohuo.

Ijumaa hakuna basi lililofika na mbwa. Ilipofika saa nne asubuhi muuzaji alisema kampuni ya basi imekataa mzigo hai usio na bima. Bima ni 200,000, na itapunguzwa kwenye salio la mwisho. Akalipa. Jumla ikawa 855,000.

Jumamosi alfajiri ikaingia sauti mpya, namba nyingine. Mtu mzima, mkali, akijitambulisha kama afisa mifugo kwenye kizuizi karibu na Singida. Mbwa wamekamatwa, kibali kina kasoro, faini ni 380,000. Isipolipwa kabla ya saa saba mchana, mbwa watataifishwa na mwenye mzigo atashtakiwa kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Dakika chache baadaye muuzaji alituma sauti, karibu alie: mbwa hawajanywa maji tangu usiku, mama fanya hima.

Jumamosi kliniki

Hakuja kwangu kwa sababu amegutuka. Alikuja kuniomba niongee na yule afisa "kama wenzake wa fani" ili faini ipunguzwe. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na yalikuwa ya kuwahurumia mbwa.

Nikaomba nione kadi ya chanjo. Ilikuwa na stika za chupa za chanjo zilizobanduliwa na kubandikwa, kama tunavyofanya sisi wenyewe, na mhuri wa bluu juu yake. Kwa mtu asiye wa fani ilikuwa kadi nzuri kabisa. Lakini kadi hiyohiyo ilisema mbwa wana wiki nane, na ilikuwa na mizunguko mitatu ya chanjo ya mseto, ile inayokinga magonjwa kadhaa kwa sindano moja. Chanjo hiyo kwa kawaida huanza wiki ya sita hadi ya nane na hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Mbwa wa wiki nane hawezi kuwa amemaliza mara tatu. Chini yake palikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida tunawachoma wakifikisha miezi mitatu. Kwa tarehe zilizoandikwa, hawa walichomwa wakiwa na mwezi mmoja. Mhuri ulikuwa na neno "Dkt." na jina, bila namba ya usajili ya Baraza la Veterinari.

Tukarudi kwenye picha. Dume alikuwa amesimamisha masikio yote mawili wima. Masikio ya German Shepherd wa wiki nane mara nyingi bado yamelala au yanayumba. Wengi husimamisha vizuri kati ya mwezi wa tatu na wa tano. Kilichomgusa mama zaidi, hata hivyo, hakikuwa cha kitaalamu. Kwenye ile video, ukutani nyuma ya mbwa, kulikuwa na soketi yenye matundu mawili membamba yaliyosimama sambamba, na tundu dogo la duara chini yake. Huyu ni mtu anayeuza soketi. Akaivuta picha kwa vidole viwili, akaitazama, akasema polepole: "Hii si ya kwetu, daktari. Hii ni ya Marekani."

Nikampigia "afisa mifugo", nikajitambulisha, nikamwuliza jina lake, ofisi yake na namba ya kumbukumbu ya malipo ya hiyo faini. Akasema mfumo uko chini, nitume kwenye simu yake. Nilipouliza mara ya pili alikata. Kisha mama akamwandikia muuzaji kwa maneno yake mwenyewe: piga video sasa hivi, umshike mbwa mmoja, umguse sikio la kushoto, nitume pesa yote. Alama mbili za bluu zikaonekana. Baada ya hapo alizuiwa kwenye WhatsApp na Instagram.

Maamuzi na sababu zake

Ukiyatazama maamuzi yake moja moja, hakuna la kipuuzi. Alilipa nusu tu kwa sababu nusu ni desturi ya biashara. Hakumtuma mpwa kwa sababu alipewa sababu ya kiafya ambayo ni ya kweli: parvo hubebwa kwenye viatu na nguo, na wafugaji makini huwazuia wageni kwenye banda la watoto wa mbwa. Alilipa kizimba na kibali kwa sababu vyote ni vitu vinavyohitajika kweli. Alilipa bima kwa sababu aliambiwa itapunguzwa kwenye salio.

Kuanzia malipo ya pili alikuwa ameacha kununua mbwa. Alikuwa anaokoa zile 450,000 za kwanza. Kiasi kilichodaiwa kila mara kilikuwa kidogo kuliko kilichokwisha kutoka, hivyo kila mara ilionekana ni hasara kuacha. Na Jumamosi alikuwa anaokoa mbwa wasife kwa kiu, jambo ambalo halina bei kwa mtu mwenye moyo. Matapeli wa wanyama wana silaha hii ambayo anayeuza simu hewa hana: simu haisikii njaa.

Matokeo

Pesa hazikurudi. Mtandao wa simu ulipopigiwa, ilionekana kila muamala ulikuwa umetolewa kwa wakala muda mfupi baada ya kuingia, na hakukuwa na salio la kuzuia. Alikwenda polisi akapewa RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yake. Utapeli wa namna hii unaangukia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na jalada lake bado liko wazi. Namba zote mbili aliziripoti kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Tulichobaini kuhusu mhasibu ni kwamba laini ilisajiliwa kwa jina la mtu aliyesema hajawahi kuimiliki, mambo ambayo wasajili wengine wa mitaani huyafanya kwa kumwekesha mtu kidole mara mbili.

Ukurasa wenyewe tuliutazama kwa simu nyingine. Kwenye sehemu ya "Kuhusu akaunti hii" ulionyesha umewahi kubadilisha jina mara kadhaa, na chini kabisa, kwenye picha ya zamani ambayo hawakuikumbuka kuifuta, mtu alikuwa ameuliza kama wigi ya inchi 14 bado ipo. Baada ya muda jina lilibadilika tena, na sasa unauza paka wenye manyoya marefu.

Mama hakukata tamaa ya mbwa. Mpwa wake alikwenda kwa mfugaji mwingine, nje ya Moshi, akamwona mama mzazi wa watoto, akapiga video akiwa amempakata jike mmoja, na pesa ikatumwa akiwa amemshika. Alilipa karibu mara mbili ya bei ya lile tangazo.

Uchambuzi: alihakiki, lakini kwa vielelezo vya nani?

Nimesikia watu wakimlaumu mama huyu kwa tamaa ya bei rahisi. Siafiki. Bei ilimvuta, ni kweli, lakini alichukua hatua za kuhakiki ambazo wengi hawachukui: aliomba video, kadi, leseni, picha ya risiti. Udhaifu ulikuwa mmoja, na umo ndani ya zote: kila kielelezo kilitoka mkononi mwa yule anayehakikiwa. Kadi aliileta yeye, leseni yeye, video yeye, mhasibu yeye, hata afisa alimleta yeye. Ukiuliza maswali kumi kwa mtu mmoja, bado una shahidi mmoja.

Ndiyo maana lile ombi la kugusa sikio la kushoto lilimaliza kila kitu mara moja. Lilikuwa jambo la kwanza ambalo muuzaji hakuweza kuwa ameliandaa. Video iliyorekodiwa inaweza kuibwa popote, na picha huibwa, hukatwa pembeni, au hugeuzwa kulia kuwa kushoto ili hata kuzitafuta kwa Google Lens kusitoe jibu. Simu ya video ya papo kwa papo, yenye ombi la ghafla, ni ngumu kuiiba. Mfugaji aliye porini kweli, asiye na mtandao, anaweza kumpeleka mbwa hadi kwenye kituo chenye mtandao. Anakwenda huko kutoa pesa zako hata hivyo.

Hoja ya parvo inastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu ilikuwa uongo uliojengwa juu ya ukweli. Kumkatalia mgeni kuingia bandani ni sawa. Kukataa mbwa asionekane na mtu yeyote, popote, si sawa. Mbwa anaweza kuletwa getini akiwa amepakatwa. Anaweza kupelekwa kwa daktari wa mifugo aliyechaguliwa na mnunuzi, achunguzwe, kadi yake ilinganishwe na meno na mwili wake. Muuzaji mwenye mbwa atalalamika kuhusu usumbufu na nauli, mtakubaliana nani alipe. Asiye na mbwa atatafuta sababu nyingine.

Jina la mpokeaji lilikuwa onyo la wazi kabisa, na lilikuja kwa wakati mzuri, kabla pesa haijatoka. Skrini ile inayokuonyesha jina kabla ya namba ya siri imewekwa kwa ajili hii. Wauzaji halali hutumia simu za wake zao au watumishi wao, sikatai, lakini kwa kiasi cha laki nne na nusu jina tofauti linatosha kusimamisha malipo mpaka apatikane mtu wa tatu wa kumthibitisha. Upande wa pili wa jambo hili unamhusu kila mmoja wetu: piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Mhasibu wa tapeli anaweza kuwa wewe.

Kuhusu kibali na faini, hapa serikali imeturahisishia. Malipo ya serikali Tanzania yanapitia mfumo wa GePG, na mlipaji hupewa namba ya kumbukumbu, ile tunayoiita kontroo namba. Afisa anayetaka faini iingie kwenye simu yake, awe wa kweli au wa bandia, si wa kulipwa. Wale watu walijua sheria kwa jina na mwaka, na sheria hiyo ipo kweli. Kuitaja ipasavyo hakumfanyi mtu kuwa afisa. Kama mzigo wako umekamatwa kweli, ofisi ya mifugo ya wilaya inaweza kutafutwa kwa namba usiyopewa na aliyekupigia.

Mpangilio huu wa malipo yanayozaana hauko kwetu tu. Aprili 2022 Google ilifungua kesi mahakamani California dhidi ya mtu wa Kamerun iliyemtuhumu kuendesha tovuti za kuuza watoto wa mbwa wa basset hound ambao hawakuwepo. Malalamiko yaliyoanzisha jambo hilo yalimhusu mtu wa South Carolina aliyelipa dola 700 kwa kadi za zawadi, kisha akaombwa nyongeza za usafirishaji. Huko ni kadi za zawadi, hapa ni pesa za simu: njia ambazo pesa ikitoka ni vigumu kuirudisha. Kizimba, bima, kibali, kizuizi, yote ni yaleyale.

Kilichofanya kazi katika kisa hiki kilikuwa kumshirikisha mtu asiye na pesa yake ndani. Mama alikuwa ameficha jambo hili kwa vijana wake kwa sababu alitaka liwe la kuwashangaza, na muuzaji alilipenda hilo. Kuna meseji anamsifu kwa siri hiyo. Kama mpwa wa Arusha angeambiwa siku ya Jumatatu, bila hata kwenda popote, huenda angeuliza kuhusu jina la mhasibu.

Kilichoshindikana ni kasi. Kati ya malipo ya kwanza na simu kwa mtandao wa simu zilipita siku tatu. Pesa ikiwa bado kwenye akaunti ya mpokeaji, mtandao unaweza kuizuia, kwa hiyo ukishatia shaka piga kwanza huduma kwa wateja kabla ya kumwambia tapeli chochote. Ukimgombeza, atakimbilia kwa wakala. Halafu hifadhi meseji zote za muamala, piga picha za skrini za mazungumzo na za ukurasa kabla hujazuiwa, uende navyo polisi ukachukue RB. Bila RB mtandao hautatoa taarifa za mwenye laini.

Tangu hapo, mteja anayetaka kuagiza mbwa kutoka mkoa mwingine tunamshauri hivi: atutajie mji alipo muuzaji, nasi tumtafutie daktari wa huko mwenye namba ya Baraza. Mnunuzi anamlipa daktari ada ya uchunguzi moja kwa moja. Muuzaji anampeleka mbwa kliniki, daktari anampima na kusoma kadi, kisha anampigia mnunuzi kwa video mbwa akiwa mezani. Malipo ya mbwa hufanyika hapo, mbwa akiwa bado juu ya meza.